Watoto wa Rukanga Wamechora Uani Kwetu

Rukanga, chini ya mlima Kasigau
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa chini mkekani, kama inavyotakiwa, ingawa hunioni na ningeweza kukudanganya. Goti lako la kushoto linasemaje na baridi hii ya kusi? Na jicho, umekwenda kwa daktari, au bado unamwambia Athumani kuwa gari limekuacha? Mimi ni mzima na nakula vizuri. Nayasema hayo mapema ili yaliyobaki uyasikie ukiwa umetulia. Na wewe Athumani, kaka yangu, unayemsomea: usiruke mahali.

Kanda yako ilinifikia kwa mkono wa yule mwenye duka wa Kaloleni, pale Voi, aliyeoa kwetu Vanga. Ulikuwa umeifunga pamoja na halwa. Halwa ilivuja, kanda ikasalimika. Nimeisikiliza mpaka jirani yangu hapa anajua jina la kuku wako. Sijakujibu mpaka leo, na si uvivu. Nilikuwa sina jibu.

Unajua kazi niliyopewa huku. Mwalimu asiye na cheti hupewa somo ambalo wenye vyeti hawalitaki, nikapewa Sanaa na Ufundi, darasa la nne. Sikujua lolote. Basi kila nikipata gari la Jumamosi nilishuka Voi kwenye kituo cha walimu, ambacho ni chumba kimoja, kabati la vitabu na mashine ya kurudufisha karatasi inayonuka spiriti. Hapo nikasoma nadharia za namna mtoto anavyojifunza. Zipo nyingi, Mama. Moja inasema mtoto ni kama njiwa: akifanya sawa mpe punje, akikosea mnyime. Nyingine inasema kila umri una ngazi yake, hata umvute mkono hapandi kabla ya wakati. Niliyoipenda ni ile isemayo kwamba hakuna mtoto anayeingia darasani mtupu. Huja na vitu vyake kichwani, na lolote jipya litakaa juu ya vitu hivyo au halitakaa kabisa. Wewe ulitumia nadharia ya mwiko. Sote tulijifunza, lakini sijaiona kitabuni.

Mitambo tuliyo nayo ni redio-kaseti moja. Mwalimu Mkuu, Bwana Mwakio, huifunga kwa taulo kabatini kama mtoto mchanga, na betri zake tunazianika juani ili zipate nguvu za siku moja zaidi. Redioni kuna vipindi vya shule, hata cha kuchora. Sauti kutoka Nairobi inasema, "Watoto, tazameni rangi hii," na watoto wangu wote wanaitazama redio.

Nilicheka, halafu jambo hilo likanikaa. Hapa jioni ukungu hushuka mlimani polepole mpaka Kasigau yote inapotea, na watu wanaendelea kuzungumza ndani ya ukungu huohuo usiwaone. Unamsikia mama anamwita mtoto, unaona sufuria yake, mlango wake, hata rangi ya leso yake, na kumbe hujaona kitu. Nikawaza: kama kichwa hufanya kazi hiyo bure kila jioni, kwa nini nisiiandikie andalio la somo? Nikaazima redio nikawa nanasa sauti: maji ya bomba yanayotoka mlimani, wanawake wanaosuka vikapu vya mkonge na kusengenya, mabehewa yakigongana stesheni ya Voi. Darasani nafungulia, watoto wanafumba macho, wakifumbua wanachora. Kwenye andalio naandika vifaa, hatua na lengo, kama mtu aliyesomea.

Ndipo tukaambiwa mkaguzi wa shule anakuja. Jambo lenyewe ni hili, Mama. Kibarua changu kinakwisha mwisho wa mwaka. Mkaguzi akilipendekeza jina langu, naingia kozi ya ualimu na ninabaki. Asipolipendekeza, narudi Vanga na sanduku langu, na wewe unapata ulichoniomba kwenye kanda.

Alfajiri ya siku hiyo redio ikaitafuna kanda yangu yenye sauti zote nilizonasa. Niliivuta tumboni mwake ikatoka kama tambi. Nikabaki na kanda moja tu, yako.

Kuna mahali, sijui kama unakumbuka, unapokwenda kuepua chungu na kuiacha redio ya Athumani ikinasa. Hapo hapana maneno. Pana ndoo kisimani, kuku, wewe umerudi unakuna nazi na kujiimbia puani, na nyuma ya yote maji yanajaa mikokoni. Nisamehe, lakini hapo napasikiliza kuliko nasaha zako. Nikaizungusha kanda kwa kalamu mpaka hapo, maana kuizungusha kwa redio kungemaliza betri. Kwa kalamu mtu hukisia tu, nami nikakisia vibaya.

Mkaguzi, mtu wa bara, mrefu, suti ya kijivu yenye vumbi jekundu, alikaa nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti karibu na kidevu. Nikabonyeza. Sauti yako ikajaa darasa:

"…na mtoto wa Bi Zuhura kaulizia posa tena. Likizo hii urudi, Mwanaidi, tulimalize jambo hili. Wewe na mlima wapi na wapi? Ngoja niepue chungu."

Watoto wote wakanigeukia. Kule nyuma mkaguzi akaandika kitu.

"Mwalimu, huyo ni nani?" akauliza Mghoi, msichana wa dawati la mbele, ambaye hakuna jambo linalompita.

"Ni mtu," nikasema. "Fumbeni macho. Sikilizeni mahali alipo."

Betri zikaanza kuchoka. Ndoo yako ikawa inashuka kisimani bila kufika. Kuku wakawa wazee. Bahari ikaja polepole, nzito, wimbi likichukua muda wa kufikiri kabla ya kuvunjika, na watoto wakaanza kubishana kwa minong'ono, macho bado wameyafumba.

"Hiyo ni mvua."

"Si mvua, ni lori ya mkonge."

"Lori gani hiyo haifiki?"

Sikuwaambia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona bahari. Walipofumbua macho wengi walichora mvua, kwa kuwa ndiyo wanayoingoja: mistari ya buluu toka juu ya karatasi mpaka chini, na uani kwetu pakaota majani. Tena wakachora ndovu. Mmoja anakunywa kisimani kwako, mwingine anachungulia jikoni, mwingine amelala mlangoni na kuku mgongoni. Hapa ndovu humaliza shamba la mtu akiwa usingizini, na mtoto hawezi kuwaza nyumba isiyo na ndovu nje yake. Ilikuwa nadharia yangu ileile, imesimama kwa miguu minne.

Mkaguzi akapita katikati ya madawati na andalio langu mkononi.

"Lengo umeandika: mtoto aweze kuchora asichokiona. Utalipimaje hilo, Mwalimu?"

Sehemu ya tathmini nilikuwa nimeiacha wazi, nikitumaini atachoka kabla ya kufika huko. Akaichukua karatasi ya Mghoi. Hapakuwa na mvua wala ndovu. Palikuwa na mwanamke amekaa chini kabisa, ametupa mgongo.

"Kwa nini huyu hana uso?"

"Ameinama," Mghoi akasema.

"Umejuaje?"

"Sauti yake inatoka chini. Na hataki tumuone."

"Kwa nini hataki?"

"Analia kidogo. Lakini anafanya kazi."

Mama, kanda hiyo nimelala nayo na kuamka nayo. Siku zote nilidhani unaimba.

Mkaguzi hakuuliza tena habari ya tathmini. Tulipotoka nje akasimama kwenye kivuli cha paa na kalamu yake, Bwana Mwakio pembeni.

"Kazi yako nimeipenda," akasema. "Lakini ujue kozi hii ni ya likizo. Aprili, Agosti, Desemba, zote, mpaka umalize. Na mama yako anataka urudi likizo, nimemsikia kwa masikio yangu. Sasa niandike nini?"

"Andika tu, bwana," akasema Mwakio. "Mama ya mtu ataelewa."

"Mimi pia nina mama," akasema mkaguzi. "Huwa haelewi."

Akaningoja. Mle darasani Mghoi alikuwa anawaeleza wenzake jinsi mtu anavyolia bila kuacha kazi, nao wanamsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Nilifikiri habari ya mgongo wako. Nilifikiri pia kwamba nikirudi Vanga, nitakaa karibu yako miaka na nisijue kusikia hata robo ya alichosikia mtoto yule. Nikamwambia aandike.

Basi likizo hii sirudi, wala zinazofuata. Nimelisema, na Athumani amelisoma bila kuruka. Mtoto wa Bi Zuhura mwambieni asiningoje, na hilo halina uhusiano na kozi.

Njoo wewe, Mama. Njoo wiki ijayo au ile nyingine, kabla shule hazijafungwa. Athumani akupandishe gari Mombasa, ushuke Voi. Mwenye duka wa Kaloleni atakupokea na mkewe atakulaza, asubuhi nitakuja kukuchukua. Mlima hutaupanda, mimi mwenyewe nakaa chini yake. Ukifika, ukitaka kulia, lia umenigeukia.

Nisalimie Shangazi Mwanasiti, aliyenifunza kushika sindano, na Ami Bakari wa dukani, umwambie nashukuru kwa ile nafasi ya kazi aliyoniwekea, aipe mtu anayependa kupima sukari. Mpe salamu na mke wa Athumani, ambaye najua anasikiliza toka mlangoni.

Picha zote nimezibandika ukutani. Wale waliochora ndovu wanataka kujua ndovu hulala wapi usiku, huko kwetu. Mghoi haulizi hayo. Anauliza utafika siku gani, akuchore upande wa mbele.

Ni mimi mwanao, nikiwa bado hapa mkekani,
Mwanaidi