Moshi wa Saidi, Moshi wa Mwanaisha

Mama,

Nimekaa pale pako, kwenye mkeka ulio chini ya dirisha, na alasiri imeshapita. Mwanga unaingia kwa vijitundu vya ubao kama zamani, unatambaa juu ya mkeka kisha unapanda ukutani. Wadogo zangu, Saidi na Mwanaisha, wako mbele yangu wanacheza, na kwa mara ya kwanza tangu ututoke sina la kuwakataza. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Najua barua hii haina wa kuipeleka, lakini nilizoea kukueleza kila kitu na mazoea hayo hayajanitoka.

Baba hajambo. Bado anauza nguo katika duka la yule Mhindi Mbohora wa mtaa wa Ndia Kuu, na akirudi huketi barazani mpaka nimwite chakula. Karatasi nyeusi tulizobandika madirishani wakati wa vita, ili ndege zisione taa, amezibandua zote, na chumba chako sasa kina mwanga mwingi kuliko ulivyokiacha. Nilipouona mwanga huo mara ya kwanza nililia, kwa kuwa umekuja ukakuta kitanda kitupu.

Lakini ninachotaka kukwambia ni habari ya mkebe wa herufi. Unaikumbuka siku tulipoutengeneza? Ulinituma kwa jirani yetu fundi wa milango nikaombe vipande vya mbao anavyovitupa, nikarudi na leso imejaa. Ukavisugua kwa mchanga mpaka vikawa laini, ukaandika herufi moja juu ya kila kimoja kwa wino wa masizi, alifu, bee, tee, mpaka yee, ukavitia katika mkebe wa biskuti aliokuja nao Baba kutoka dukani. Ulisema mtoto asingoje kwenda chuo cha Kurani ndipo azione herufi, azizoee nyumbani kama anavyozoea vikombe.

Mkebe ulikuwa mmoja na watoto wawili, na hata siku moja sikusikia ugomvi. Ulikuwa ukitia kaa la moto katika chetezo, unadondosha kipande cha ubani juu yake, unasema, "Huu wa Saidi. Moshi ukisha, ampe ndugu yake naye ateze." Kisha unaendelea kushona kofia yako. Moshi ulipanda polepole, ukazunguka chini ya boriti, na Saidi alipanga herufi zake bila haraka, kama mtu aliyepewa siku nzima. Ukiisha, aliusukuma mkebe mwenyewe.

Ulipofariki nilikiosha chetezo, nikakifunga katika leso yako na kukificha chini kabisa ya kasha. Sikuweza kuivumilia harufu ile. Ikinijia hata kutoka nyumba ya jirani, nilikuwa nikigeuka kukutafuta. Basi ubani haukuwaka tena kwetu, na mimi, mjuaji wako, nikajiambia kwamba nitawaamua watoto kwa haki, bila moshi.

Nilivihesabu vipande vyote ishirini na vinane, nikatoa kumi na vinne kwa huyu na kumi na vinne kwa huyu, nikatafuta na mkebe wa pili ili kila mmoja awe na wake. Nikajiona kadhi. Siku ya kwanza nyumba ilitulia. Ya pili nikaona kwamba hawachezi, kila mmoja ameukalia mkebe wake, anamlinda mwenziwe kwa jicho la pembeni. Ya tatu Mwanaisha aliiba kipande cha Saidi akakificha kinywani, Saidi akamvuta nywele, naye Mwanaisha akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Nikawachapa wote wawili, Mama. Wewe hukuwahi kuwachapa. Kisha nikaingia jikoni nikalia juu ya mchele niliokuwa nikiuchagua.

Wakati huo Shangazi Mwanakhadija alikuwa ameshafika kutoka Malindi kwa ajili ya khitma yako ya siku ya arobaini. Akauona mkono wa Saidi umefungwa kitambaa. Hakunilaumu. Alisema tu, kwa upole wake ule, kwamba mimi nami ni mtoto, kwamba mzigo wa wawili umenielemea, na kwamba afadhali Mwanaisha aende naye Malindi akalelewe huko, kwani yeye hakujaliwa mtoto. Baba alitazama chini akasema ni sawa. Lori la Malindi lingeondoka kesho yake baada ya khitma. Nilimsaidia Shangazi kufunga furushi, magauni matatu na ile leso ndogo uliyompindia pindo wewe, na fundo nikalifunga legelege.

Khitma ilisomwa baada ya adhuhuri, wanaume barazani, wanawake ukumbini. Shangazi akaniuliza chetezo kiko wapi, khitma gani haina ubani. Nikaenda kukitoa kashani. Leso ilikuwa bado ina harufu yako. Nikatia kaa, nikatia ubani, nikakiweka katikati ya ukumbi, nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, watoto walikuwa wameshaingia. Hakuna aliyewaita. Kila mmoja alikuja na mkebe wake, wakaketi pembeni mwa wasomaji, na Saidi akamimina herufi zake zote katika mkebe wa nduguye. Mwanaisha akaanza kuzipanga juu ya mkeka. Saidi akakaa akiutazama moshi, mikono mapajani, ametulia kama alivyokuwa akitulia mbele yako. Wanawake wakasoma, moshi ukazunguka chini ya boriti, sauti zikawa kama zinatoka chumba cha mbali, na kwa muda ule nilisahau kwamba umekufa. Sikushtuka hata kidogo. Nilingoja tu usikie kaa limepoa, uinue kichwa kutoka kwenye kofia yako.

Moshi ulipokwisha, Mwanaisha alizikusanya herufi akausukuma mkebe kwa Saidi, bila ya kuambiwa. Nikachukua kipande kingine cha ubani, sawasawa na kile cha kwanza, maana ile haki yangu ilikuwa bado imenikaa kichwani. Saidi akanishika mkono. Akaninong'oneza, "Hilo kubwa ni la Mwanaisha. Mama alikuwa akimtilia yeye pande kubwa, kwa kuwa ni mdogo, hajui kupanga upesi. Mimi nalijua tangu hapo."

Mimi sikujua, Mama. Nimekaa nyumba moja nawe miaka kumi na saba, nimekuona ukitia ubani kila siku, na sikuona kwamba vipande havilingani. Mtoto wa miaka saba aliona, akanyamaza, akamwachia nduguye muda zaidi kila siku bila ya kudai. Nami nikaja na kumi na vinne zangu kwa kumi na vinne nikawafanya wezi. Niliona haya mbele ya Saidi, na bado naona.

Shangazi alikuwa ameketi karibu, juzuu mkononi, akasikia. Dua ikaisha, watu wakaenda zao. Kisha alilileta lile furushi ukumbini, akalifungua mwenyewe, akayakunjua magauni moja moja na kuyarudisha mahali pake. Akamwambia Baba, "Na wakae pamoja. Nikimtoa mmoja hapa sitalala usingizi." Baba akaondoka akaenda kunawa uso. Alikaa huko muda mrefu.

Chetezo kimerudi katika kidaka chake cha ukutani. Harufu bado inanigeuza kichwa, lakini sasa nikigeuka nawakuta hawa wawili, na moyo unatua. Mkebe wa pili ninatilia sindano.

Nakuahidi, Mama, maadamu nipo, Saidi na Mwanaisha hawatatenganishwa, na ubani hautakosekana nyumba hii hata kama itabidi nishone kofia mchana kutwa. Leo nakuaga kwa amani, jambo ambalo siku ile sikuliweza. Pumzika. Moshi wa Mwanaisha unakaribia kwisha, na lazima nikakate kipande cha Saidi. Nitakikata kidogo. Yeye atajua, wala hatasema kitu.

Mwanao,
Zuhura