Kiraka cha Chumba cha Ndani

Jumamosi, 3 Mei

Mazulia manne leo, yote kwa Eeddo Shukri. Mwanawe Liban anaoa mwisho wa mwezi, wageni watakaa chini, kwa hiyo kila kitu kisafishwe. Namwita Eeddo, yaani shangazi kwa Kisomali, ingawa si ndugu yangu. Ndiye aliyenipatia nusu ya nyumba ninazofanyia kazi hapa Kismayo.

Kisima chake cha uani hakifai. Maji ya chumvi. Watu hawaelewi: ukisafisha zulia kwa maji ya chumvi, chumvi inabaki ndani ya nyuzi na kila jioni inavuta unyevu wa bahari. Halikauki kamwe. Nilingoja maji matamu ya mkokoteni wa punda mpaka saa nne. Nikakasirika. Kisha hasira ikaisha yenyewe, kama zinavyoisha zote siku hizi.

Matatu yalitoka vizuri. La nne, la chumba cha ndani, lina doa la ukungu ukubwa wa sinia. Limesafishwa mara tatu na doa linarudi. Eeddo amemlaumu paka, amelaumu paa, amemlaumu shemeji yake. Nikalikunja niende nalo kwangu. Chini yake saruji ina kiraka, cheupe kuliko sakafu nyingine. Unyevu unapanda hapo kutoka ardhini. Nikamwambia Liban mvuke wa mashine yangu hautasaidia kitu. Vunjeni kiraka, chimbeni, wekeni nailoni, kisha saruji mpya. Akafurahi. Siku nyingi alikuwa anatafuta sababu ya kuweka vigae.

Tima, binamu yangu tunayefanya kazi pamoja, anasema siku hizi naongea kama injinia, bado miwani tu.

Jumapili, 4 Mei

Nyumba moja. Mkojo wa mtoto. Siki, mvuke, kufyonza, halafu maji mara tatu, maana mama mwenye nyumba anataka zulia liwe twahara, si safi tu. Ana haki. Mvuke unaua harufu, hautwaharishi.

Nimerudi, nimekaa, sikuwaza kitu. Mwaka wa pili huu tangu nitoke Mombasa. Nilidhani nikifika kwetu nitalia. Sijalia. Ni mji tu.

Jumatatu, 5 Mei

Mama kapiga simu kutoka Mombasa. Kumsimulia kazi ndiyo mazungumzo yetu, hatuna mengine. Nikamtajia kisima cha Eeddo: ukuta wa uani umepita katikati juu yake, nusu kwake, nusu kwa jirani, kila nyumba inateka upande wake.

 Mama akauliza kama kuingia chumba cha ndani unashuka ngazi mbili. Unashuka. Akauliza mle mna zidaka ngapi, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Tatu, mbili zimezibwa.

Ni nyumba yetu. Nilikuwa na miaka minne tulipokimbia vita, kwanza kisiwani Chovai kwa babu, halafu Mombasa. Siikumbuki. Ukuta wa mbele ni mpya, geti la chuma, hata mtaa wanauita jina lingine. Nimeingia mle zaidi ya mara kumi na mashine yangu, nimevua viatu mlangoni kama mgeni.

Halafu akasema kwa Kibajuni chetu, tunaosema mchu kwa mtu: "Chumba hicho pana mchu, mwanangu."

Mtoto wake wa kwanza, mwanamume. Alitimiza miezi yake tumboni, akatoka hakulia. Wazee wetu mtoto asiyelia hawakumpeleka makaburini. Walimzika nyumbani, chini ya sakafu ya chumba cha mamake, asikae peke yake. Sikuwahi kuambiwa. Kile kiraka ni yeye.

Na mimi ndiye niliyesema wachimbe.

Sikumwambia mama hilo.

Jumanne, 6 Mei

Nimerudisha mito ya Eeddo niliyoisafisha. Nikapata kisingizio cha kuingia chumba cha ndani. Kiraka kipo. Nilisimama kando yake nikangoja nihisi kitu. Nikahisi goti linauma.

Eeddo akanipa chai na sambusa. Akaniambia fundi wa vigae ni wiki ijayo, Jumatatu. Akanishukuru kwa ushauri. Nikala sambusa mbili.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia Tima. Akaacha brashi. Kwa mara ya kwanza hana mzaha.

Anasema ninyamaze. Najua. Mji huu mtu akisema "hii ilikuwa nyumba yetu," hata akisema kwa uzuri, chai haimalizwi. Watadhani nimekuja kuidai. Kila mtu anakaa nyumba ya mwingine, au mwingine anakaa yake. Neno moja la Eeddo na hakuna atakayenifungulia geti. Mashine yangu itakaa pembeni ioze na chumvi.

Tima anasema mtoto yuko peponi, mfupa hauna habari. Ni kweli. Lakini aliyeko Mombasa anayo habari.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Hakuna kazi, zulia halikauki. Mama kapiga mara tatu. Mara mbili sikupokea.

Mara ya tatu nikamwambia kuhusu fundi. Nikamwambia pia ni ushauri wangu. Hakunikaripia. Ningependa anikaripie. Akasema tu: "Nyumba siitaki. Wachu na wakae. Mimi namtaka yule asitupwe na kifusi."

Ana miaka sabini na mbili. Hajaniomba kitu tangu nizaliwe.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefua. Nimeswali. Nimelala mchana. Najichukia kidogo. Hata kujichukia kwenyewe hakuna nguvu.

Jumamosi, 10 Mei

Kwa Eeddo, zulia la sebuleni. Liban amekwisha kuleta vigae, maboksi yamepangwa ukumbini, rangi ya maziwa. Nikasafisha zulia lote mstari kwa mstari, polepole, bomba likifyonza maji meusi. Nikapitisha mara ya pili pasipo haja. Tima ananitazama. Nikafunga mashine nikaaga.

Mwoga. Sina neno lingine la kujiita.

Jumapili, 11 Mei

Nimesema.

Nilikwenda peke yangu, bila mashine. Eeddo akashangaa, akacheka, akaniuliza kama na mimi nimekuja kuposwa. Nikakaa chini. Nikamwambia yote kwa Kisomali, haraka, kama mtu anayesoma karatasi. Kisima. Ngazi mbili. Mama. Mtoto. Nikasema nyumba hatuidai. Nikasema mara tatu.

Liban alikuwa mlangoni. Akauliza kama nina hati. Nikamwambia sina hati, sitaki hati, nataka fundi achimbe kwa mkono, na kitakachotoka nipewe mimi. Akasema kila anayekuja huanza hivyo hivyo, kwanza kitu kidogo. Akasema nyumba ilinunuliwa kwa mtu. Sikumuuliza mtu gani.

 Eeddo alikuwa anaangalia mikono yangu. Chai yangu haikumwagwa wala haikumalizwa.

Jumatatu, 12 Mei

Saa mbili asubuhi nilikuwa getini. Limefungwa. Nasikia nyundo ndani. Nimebisha. Hakuna aliyekuja.

Nyumba mbili zimepiga kusema nisije wiki hii. Hawakutoa sababu. Tima hakuniambia "nilikwambia." Ameosha brashi zote, hata zilizo safi.

Mama hajapiga. Sikumpigia.

Jumanne, 13 Mei

Eeddo kapiga alfajiri, mara tu baada ya swala. "Abaayo, njoo." Hivyo tu. Abaayo ni dada. Hajawahi kuniita hivyo.

Nyundo ya jana ilikuwa ya ukumbini. Chumba cha ndani amekifunga kwa ufunguo akauweka kifuani, Liban akibisha na yeye akijifanya amelala. Ameniambia haya kwa furaha kidogo, kama mtoto aliyeficha tende. Halafu furaha ikamtoka. Akasema mtoto wake mwenyewe alimwacha njiani wakikimbilia Kenya, wa kike, wa miezi mitano, wakamfukia kwa mikono gari likipiga honi. Hajui hata ni wapi. Alisema hayo huku ananifungulia mlango.  

Fundi alivunja kiraka kwa patasi ndogo. Chini ya saruji chokaa. Chini ya chokaa mchanga mweupe wa pwani, umelowa. Akachimba kwa sufuria, halafu kwa mkono. Mpaka kiwikoni. Mpaka begani.

Hakuna kitu.

Hakuna mfupa, hakuna kitambaa. Liban akasema, unaona. Fundi akasema la, mtoto mchanga, chumvi yote hii, unyevu wote huu, miaka zaidi ya arubaini, mchanga umekwisha kumla. Akatuonyesha: katikati mchanga ulikuwa wa kahawia, mahali padogo, kama mkono wa mtu na kiganja chake. Pembeni mweupe. Nimesafisha madoa miaka kumi na tano. Lile naliamini.

Liban alitaka kumpigia sheikh simu aulize. Eeddo akamwambia apige, lakini kitambaa kilikwisha kutoka kabatini, bafta nyeupe ya harusi, akaichana kwa meno. Sheikh akasema huo mchanga ufungwe, uzikwe, basi. Tukautoa ule wa kahawia wote, fundi, Eeddo na mimi, kwa viganja. Tukaufunga.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nilimbeba kutoka chumbani, nikapanda ngazi mbili, nikapita ukumbini kati ya maboksi ya vigae, mpaka getini. Liban akanyoosha mikono akampokea. Alimpokea vizuri, kwa mikono miwili, akamweka mapajani na fundi akaendesha gari. Wamemzika mwisho wa safu, upande wa bahari. Jiwe moja kichwani, moja miguuni.

Liban alirudi akanawa. Akaniuliza zulia la chumba kile nitalirudisha lini. Nikamwambia saruji ikauke kwanza, wiki mbili, asiwe na haraka. Akasema sawa. Kuhusu nyumba hakuna aliyesema tena neno.

Jumatano, 14 Mei

Nimelala siku nzima. Tima ameleta wali na samaki. Moja ya zile nyumba mbili imepiga. Nyingine bado.

Alhamisi, 15 Mei

Jua limetoka. Tumetandaza zulia la chumba cha ndani juu ya paa, nimelisafisha upya, doa limebaki kivuli tu.

Nimempigia mama jioni. Nimemweleza safu, upande wa bahari, mawe mawili. Nikamwambia na ukweli wa mchanga, sikuficha. Alisikiliza. Hakulia, au aliweka simu mbali.

Kisha akauliza jambo moja. Siku ile ya kuzaa hawakumpa mtoto amshike, walimtoa chumbani kumwosha, wakamrudisha kumzika akiwa amefunikwa, na yeye aliona aibu kuomba. Akaniuliza, "Alikuwa mzito?"

Nikamwambia, mzito, mama.