Bahari Mahali pa Mgeni

Karaganda, 9 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Hujambo wewe? Watu na mifugo wote salama? Yule ng'ombe mwekundu amepona kwato? Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kutubana. Najua simu huipendi, unasema inakukata maneno, kwa hiyo nakuandikia, barua nitampa kondakta wa treni, na yako nitaipokea kwake hapa stesheni.

Usicheke. Nimeanza kutengeneza bahari. Bahari ya chumvi kabisa, ndani ya tangi la kioo lisilozidi sanduku lako la harusi. Nimetia mawe, mchanga, pampu ya kuzungusha maji na taa ya buluu. Sasa nasubiri maji yakomae, maana ukiharakisha, samaki anakufa. Nyumba yetu unaijua, kila ukuta una dirisha au bomba la joto, isipokuwa ule ulio mkabala na mlango, pale anapoketi mgeni mkubwa. Basi nimeliweka pale.

Mkweo Serzhan amenuna. Tumekubaliana hivi: siku ya Nairuzi, mwaka mpya wetu wa Machi, amu yake, Mzee Toktar, atakuja kula nasi kama kila mwaka. Akikuta bahari hai, itabaki. Akikuta kioo na maji tu, Serzhan ataling'oa tangi mwenyewe na mimi sitasema neno. Mama, naitaka hii bahari kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Mwanao,
Akmaral

Kokbulak, 20 Oktoba

Akmaral, ndama wangu wa ngamia,

Waalaikum salaam. Ng'ombe amepona, mifugo imenona, mimi nipo. Mkwe wangu mzima? Mnakula vizuri?

Barua yako imenichekesha hadi chai ikanipalia. Sisi tuko mbali na bahari kiasi kwamba hata mvua inatufikia imechoka, na wewe unachota yako sebuleni! Tena unamkalisha samaki mahali pa Mzee Toktar, mtu aliyewahi kuondoka arusini kwa sababu kichwa cha kondoo, fungu la mgeni mkubwa, kilitengwa mbele ya mwingine. Umekosa ukuta au umekosa akili?

Lakini nakujua, ukishika kitu huachi. Samaki wa kwanza akifika niite, nije nimbariki. Hapa kijijini hakuna bibi harusi anayevuka kizingiti kabla mkono wangu haujamrushia peremende na sarafu, na wote wametulia kwao.

Nakutumia jibini kavu. Ule wewe, usiwape samaki.

Mama yako,
Biken

Karaganda, 6 Januari

Mama,

Assalamu alaikum. Natumaini ulifika salama.

Siku uliyokuja tulifurahi sana. Ulirusha peremende na sarafu juu ya wale samaki wawili wa rangi ya machungwa, majirani wakashangilia, peremende zilizoangukia majini nikazitoa. Ulipoondoka, konokono niliowatia wasafishe kioo wakaanza kuanguka, mmoja baada ya mwingine. Kisha tumbawe nililopandikiza juu ya jiwe likajikunja likagoma kufunguka. Nilibadilisha maji, nikapunguza taa, nikamlaumu Serzhan na sigara zake. Jana nilipata dawa ya kupimia. Maji yana shaba. Nikainua mawe, nikakuta sarafu zako za njano zimejificha nyuma, zimeota ukijani. Samaki wanavumilia kidogo shaba, ila konokono na matumbawe inawaua.

Nimeihangaikia bahari hii tangu vuli, nawe umeiua kwa kuinua mkono mara moja.

Akmaral

Kokbulak, 30 Januari

Akmaral,

Waalaikum salaam. Mimi mzima. Mifugo mizima.

Juzi walikuja kunichukua nikarushe peremende kwenye arusi ya binti wa jirani Sabira. Nikawaambia mkono unaniuma. Hauniumi.

Nairuzi sitakuja. Mpikieni vizuri Mzee Toktar.

Biken

Karaganda, 12 Februari

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Jina lako tupu mwisho wa barua limeniliza, na mimi ndiye niliyeanza. Nisamehe. Tangi nililiacha wazi juu, wala sikukwambia kwamba maji haya hayapatani na shaba. Ungejuaje? Mimi mwenyewe sikujua konokono wanakufa kwa nini.

Sarafu nimezitoa. Nabadilisha maji kila baada ya siku chache, na nimetia mkaa maalumu wa kunyonya sumu. Ndiyo, cheka: nakaa Karaganda, mji wa makaa ya mawe, nanunua mkaa dukani kwa pakiti. Tumbawe limebaki na kichwa kimoja, nacho kimenywea. Serzhan, aliyekuwa akisubiri kwa hamu kulitupa tangi, siku hizi ndiye anayekoroga chumvi. Anasema mgonjwa hafukuzwi nyumbani.

Njoo, Mama. Tumbawe likifa, nataka uwepo. Likipona, ndiyo zaidi.

Mwanao,
Akmaral

Karaganda, 23 Machi

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum, na heri ya mwaka mpya. Mzima? Mifugo imezaa? Hukunijibu, na jana kila mlango ulipogongwa nilidhani ni wewe.

Sasa kaa chini usome. Tumbawe limefunguka! Lilianza wiki mbili zilizopita, na sasa limejigawa, kichwa kimoja kimekuwa viwili, vidole vyake vya kijani vinacheza majini. Konokono wapya wanatembea kwenye kioo.

Jana Mzee Toktar aliingia, akavua buti, akanyanyua macho kuelekea mahali pake. Serzhan alianza kuomba radhi, mzee akamnyamazisha kwa kiganja. Akalisogelea tangi, akainama, akakaa hivyo mpaka supu ikapoa.

"Hili ua linakula?" akaniuliza.

"Linakula, Baba Mkubwa. Ni mnyama."

Akarudi nyuma, akaketi karibu na mlango, wanapokaa watoto. Serzhan akamsihi apande juu, karibu na tangi.

"Pale ameshakaa mkubwa wangu," akasema. "Bahari ilikuwepo kabla yangu."

Kichwa cha kondoo tukamtengea huko huko mlangoni, akakikata bila kununa. Nikamsimulia habari ya sarafu, maana aliuliza kwa nini wewe hukuja. Alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akasema nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Baraka yake ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na bado bahari imeishi. Mkono huo nautaka kwenye arusi ya mjukuu wangu mwezi wa tano."

Bahari inabaki, Mama. Tumeshinda.

Mwanao,
Akmaral

Ndani ya treni, 2 Aprili

Akmaral, ndama wangu wa ngamia,

Waalaikum salaam. Afya yangu utaiona mwenyewe. Kondakta nimemwambia akukabidhi barua hii kabla sijashuka, nipate nafasi ya kukuangalia ukiisoma. Niko dirisha la tatu la behewa la kijani. Acha kulia, njoo unipokee mizigo.

Mama yako