Mtambo Usiokoma Kumwita Mama Mkwe

Shoga, nimejificha stoo nacheka 😂

Yule fundi wetu wa kompyuta kamleta mama mkwe wake hapa kliniki kung'oa jino, ili aone mtambo wa kuita wagonjwa aliotengeneza. Kamwandikisha "Mama Mzaa Chema", kujipendekeza tu!

Sasa ukurasa wa mtambo kwenye skrini kila sekunde chache unaiuliza seva, ile kompyuta yenye orodha ya wagonjwa: "Nani aingie?" Seva ikijibu, kipaza sauti kinaita. Jamaa kasahau kuuamuru ukishajibiwa uache kuuliza!

Mama yuko kitini, mdomo wazi, koleo limeshika jino.

"Mama Mzaa Chema, ingia!"

"Abee!" Huyo, anainuka.

"Mama Mzaa Chema, ingia!"

"Abee!" WALLAHI kila mara anaitika! Daktari jasho linamtiririka.

Fundi kakimbia kuchomoa waya.

Mama katoka, jino bado analo, kamwambia mkwewe: "Baba, hata ulipokuja kuposa hukunibembeleza hivi!"