Mtungi wa Bibi Umeacha Kutoka Jasho

Uholanzi, mwezi wa Juni

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka, na shikamoo. Najua anayekusomea ni Kabula. Basi, Kabula mdogo wangu, hujambo? Soma polepole, usiruke mistari kama ulivyozoea, na ukifika penye uchungu usinyamaze, maana mama ana haki ya kusikia yote. Magoti yako yanaendeleaje, mama? Na shambani mlipata chochote, au mahindi yalikauka tena? Mimi ni mzima. Masomo yanakwenda, na baridi imepungua kidogo, ingawa jua la huku hutoka kama mtu aliyelazimishwa.

Nilikuandikia kwamba sisi wanafunzi wa Kitanzania tuliombwa kusaidia kwenye maonyesho ya kimataifa ya maji na maendeleo endelevu. Yameshafunguliwa. Ni jumba kubwa, kila nchi ina chumba chake. Wengine wameleta pampu, wengine mfano wa bwawa wenye maji yanayotiririka kweli. Wenyeji wetu wanaonyesha jinsi wanavyosukuma maji kuyatoa mashambani, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Wenzetu wanahangaika kuyafukuza maji, na sisi huko Kiseke, Mwanza, tunaliona ziwa kwa macho huku bomba likikohoa hewa. Bwana mmoja akaniuliza inakuwaje mkae kando ya ziwa kubwa namna ile mkose maji. Nikamweleza habari za mitambo michakavu na mji unaokua, lakini moyoni nilikuona wewe na ndoo kichwani na magoti hayo. Sidhani kama nilimjibu.

Chumbani kwetu kuna picha ya gugu maji lililofunika mwalo, picha ya sangara mkubwa kuliko aliyembeba, na katikati, mezani juu ya kitambaa cheupe, mtungi wa bibi. Siku Bwana Shija, yule ofisa aliyekuja kuuazima kwako, alipoufungua kutoka kwenye majani uliyoufungia, nilinusa moshi wa jiko letu nikalia hadharani. Akaniambia ulimwapisha kwamba urudi kabla ya arusi ya Kabula. Nikamwambia ulifanya vyema. Hakuna binti wa nyumba yetu aliyetoka kuolewa bila kunyweshwa kata moja ya maji ya mtungi ule, mlangoni, kwa mkono wa mama yake. Mimi zamu yangu bado, tafadhali usianze.

Niliujaza maji siku ileile. Asubuhi nikaukuta umetoka jasho tumbo zima na kitambaa kimelowa, nikafurahi kama niliyepata mgeni kutoka nyumbani. Bwana Shija hakufurahi.

"Minza, tazama kitambaa. Watasema tumewaletea chungu kinachovuja."

"Hakivuji, kinatoka jasho, ndiyo maji yapoe. Wewe si wa Sengerema? Mama yako alikunywesha maji ya wapi?"

"Mimi najua na wewe unajua. Wageni je?"

Nikadhani yameishia hapo. Kesho yake nilikuwa darasani, na niliporudi nikaukuta unang'aa kama kiatu cha bwana arusi. Alikuwa ameupaka vanishi, mama, ndani na nje. Nilipiga kelele. Naye alishangaa kweli, akasema, "Nimeupendezesha, dada." Na ni kweli wageni walizidi kuupiga picha. Siwezi kumchukia. Alifanya tunachofanya sote mgeni akibisha hodi, tunaficha kikombe chenye ufa na kutoa sahani ambazo wenyewe hatuzitumii.

Vanishi ilipokauka tukaujaza maji tena, na juzi alikuja mama mmoja mtu mzima, Mhindi, amevaa sari na sweta zito. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu kabisa, "Binti yangu, hayo ni maji ya mtungi?" Kumbe amezaliwa Mwanza, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na sasa anaishi huku na wanawe. Nikamchotea. Akanywa, akayaweka maji mdomoni kidogo kabla ya kumeza.

"Maji haya vuguvugu."

"Ndiyo, mama."

"Sisi mtungi ulikaa nyuma ya duka. Baba akirudi mnadani anakunywa kwanza, ndiyo anatusalimia. Maji baridi mpaka meno yanauma." Akaupitisha mkono kwenye tumbo la mtungi. "Huu mmeuziba pumzi."

Akamaliza glasi, akaomba nyingine hata hivyo.

Bwana Shija alisikia. Jioni aliusugua kwa tapentaini mpaka mikono ikamwasha, lakini udongo ulishainywa vanishi. Akanijia kwa sauti ya chini: "Tuurudishe hivihivi, dada. Unapendeza. Arusi ni siku moja, nani atapima ubaridi wa maji?"

Nikamwambia, "Kabula."

Sasa nakuuliza wewe unayeujua moto. Je, mtungi waweza kuchomwa mara ya pili? Nafikiri moto wa samadi na majani utaila ile vanishi. Lakini pia waweza kuupasua, na kazi ya mikono ya bibi itakwisha hapo. Naogopa, mama, na si haki yangu kuamua. Ukisema tuuache, tutauweka ukutani ung'ae. Ukisema tuuchome, tutauchoma pamoja. Ila kwa vyovyote, anza kutafuta udongo. Uliniambia tangu madumu ya plastiki yajae sokoni hakuna anayetaka mitungi, na mikono yako imestaafu. Mimi nataka mtungi. Nitakukandia, wewe ufinyange.

Chuo kimeniambia naweza kubaki mwaka mmoja zaidi. Nilikuwa nasita kukueleza. Sasa sisiti tena, nimekataa. Kila barua unaniuliza narudi lini. Narudi kabla ya arusi, na mtungi nitaupakata mwenyewe kwenye ndege.

Nisalimie shangazi wa Bujora, na mjomba mvuvi umwambie wageni wa huku wanaliona gugu maji kwenye picha wanasema ni ua zuri. Atukane kidogo kwa niaba yangu. Msalimie na jirani yetu anayeamka alfajiri kusikiliza kama bomba limeanza kutoa.

Na wewe Kabula, futa machozi umalize kusoma. Waoaji wakifika kabla yangu, wapikieni, wachezeeni ngoma, walale. Mtu akikuletea maji kwenye kikombe ili mambo yaishe, shukuru, usinywe. Usivuke kizingiti mpaka nifike.

Mwanao, mama, na dada yako,
Minza