Buibui Tuliyemtupa Motoni

Mjukuu wangu Imelda,

Marahaba. Hapa Maguu hatujambo, babu yako kikohozi kimepungua na tayari yuko kwenye kahawa.

Unauliza kama buibui mweusi uliyemkuta nyuma ya ndoo ana sumu. Tangu nisome hayo sijatulia.

Mitumba ilipoanza kufika Mbinga, mimi nikiwa nimeolewa karibuni, wifi yangu alinunua koti zito la baridi. Alipoingiza mkono tu, akapiga yowe. Mama mkwe akamponda buibui kwa kandambili, akamtupa motoni. Kule zahanati mganga akauliza, "Alikuwaje?" Mimi nikasema mweusi, mama mkwe akasema wa kahawia. Mganga akautazama mkono unavyovimba. "Basi tusubiri," akasema. Tukasubiri, rozari mkononi.

Wifi alipona, lakini aliyemuuma hatukumjua.

Wako usimponde, wala usimguse. Mfunike kwa bilauri, umwite mtu anayewafahamu. Akikuuma, kimbilia hospitali. Nijibu upesi, tafadhali.

Mimi hadi leo nakung'uta koti kabla ya kuvaa, na sijui ninayemwogopa anafananaje.

Bibi yako