Wagonjwa Walipelekwa Shambani, Wazima Tukakaa Benchi

Shikamoo Bi. Rehani, na pole na kazi ya kusikiliza vilio vya watu usiowajua. Naomba unisaidie mawazo, maana nikimweleza mama yangu atalia, nikimweleza shoga yangu kesho kisima kizima kitajua, na mume wangu ndiye tatizo lenyewe, tena naandika kwa kujiiba, maana ingawa anasema ukurasa huu ni wa wanawake, gazeti likifika huwa anaanza nao.

Mimi ni mke wa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa huku Handeni, kijiji sitakitaja na majina ya watu nimeyabadili, ila ukitoka Sindeni unaendelea tu mpaka ujiulize kama umepotea, basi ndipo hapo. Tuna zahanati. Ina bati, ina mlango, na ina mganga, nimwite Bwana Valerian, ambaye siku akiwepo anakuuliza unaumwa nini ungali mlangoni, na kabla hujamaliza kusema kichwa, vidonge vimeshafungwa kwenye kipande cha gazeti na anaita mwingine, na ukisema ni tumbo, vidonge ni vile vile. Wajawazito ndio usiseme, anatupigia kelele mbele ya foleni kwamba tunazaa kama hatuna kazi nyingine, basi wengi tumeona afadhali tuzalie nyumbani, tutukanwe na mama wakwe zetu ambao angalau wametutolea mahari.

Sasa Bi. Rehani, mwezi uliopita walikuja wageni wa utafiti kutoka Dar es Salaam. Habari ilitangulia kwamba safari hii hawatamuuliza mganga wala mwenyekiti, watamuuliza mgonjwa mwenyewe anatibiwa vipi, ili huduma ipangwe kufuata shida yake, na kwamba wilaya ina mkunga mmoja aliyemaliza mafunzo ambaye atapelekwa kijiji kitakachoonekana kina shida zaidi. Wote tuliyasikia maneno hayo. Mume wangu akayaelewa anavyojua yeye, akaitisha mkutano, akasema, "Ndugu zangu, wanakuja kutupima! Kijiji hiki kimekuwa cha kwanza kwa pamba, kimekuwa cha kwanza kwa vyoo wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, hatutakuwa wa mwisho kwa zahanati. Mgeni haonyeshwi sufuria iliyoungua." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Zahanati ikapakwa chokaa. Kitanda chetu cha chumbani kikabebwa kikawekwa kule, pamoja na shuka langu jeupe la harusi nililotarizi mwenyewe. Ikabaki shida moja, wagonjwa, maana mume wangu alisema wanatia aibu, mtu akiwaona atadhani hatutibiwi. Basi siku ya wageni wagonjwa wote walipelekwa shamba la kijiji, lile la bega kwa bega. Mzee Mbwana, ambaye kifua kimemkaba tangu masika, akapewa jembe akapalilie pamba, na mwanawe anayebeba gunia begani kama mto wa kulalia akawekwa benchi akafundishwa kukohoa, tena si sana, kidogo tu, kikohozi cha mtu anayepata nafuu. Land Rover ya wageni ilipoonekana Segera tulishaletewa habari, tukaanza mazoezi, na walipofika makoo yalikuwa yanatuuma kweli.

Mimi niliwekwa mbele kwa upande wa wajawazito kwa kuwa nina mimba ya miezi saba na najua kuongea. Dada mmoja wa utafiti, nimwite Bi. Sipora, akakaa karibu yangu akauliza taratibu, "Mama, mara ya mwisho ulipimwa lini?" Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake ananikazia macho. Nikasema napimwa kila wiki. "Na uzazi uliopita ulikwendaje?" Nikasema salama kabisa. Bi. Rehani, uzazi uliopita nilitoka damu mpaka mkeka ukatupwa, mama mkwe akaanza kunisomea shahada sikioni, na bibi aliyenizalisha aliniambia, mwanangu, mwingine usimzalie mikononi mwangu, tafuta wenye sindano.

Tulikuwa karibu kumaliza akatokea Nasha, mke wa mfugaji mmoja wa huko mbugani, mtoto mgongoni anachemka homa, hana habari ya mazoezi yetu. Kiswahili chake ni cha kuuzia maziwa tu, kwa hiyo alisema kwa Kimasai, akaonyesha mlango, akaonyesha mtoto, akamwonyesha Bwana Valerian, akasema tena, muda mzima wa kuchemsha uji. Mume wangu, ambaye anajua Kimasai cha mnadani, akatafsiri. "Anashukuru." Wageni wakaandika. Baadaye wanaume wanakula kuku, nilimwona Bi. Sipora amemchukulia yule mtoto dawa, amekaa na Nasha kwenye ua wa zahanati, wanaongea, mara wakacheka wote wawili, halafu Nasha akajifuta macho kwa lubega yake. Sikujua walichekea nini.

Sasa tumesikia mkunga huenda akapelekwa upande wa Segera, ambako watu walilalamika wee bila haya. Mume wangu amefurahi, anasema tumeshinda. Mwisho wa mwezi wageni wanarudi kutusomea walichoandika kabla hakijafika wilayani, na safari hii wameomba wanawake tukae nao peke yetu. Mume wangu amenichagua niwe msemaji na kila jioni ananikaririsha, "Hatuna upungufu." Nikisema kweli nitamvua nguo mbele ya kijiji chake, na si mtu mbaya, Bi. Rehani, hajawahi kuninyanyulia mkono, tangu tumbo likue ananichotea maji mwenyewe na wenzake wanamcheka, anapenda tu kuwa wa kwanza. Nikinyamaza naogopa. Naogopa sana. Nifanyeje?

Mgonjwa Bandia,
Handeni

BI. REHANI ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu, na hongera zenu! Zahanati ambayo wagonjwa wake wana nguvu za kupalilia pamba, na wazima wake wanakohoa kwa mafunzo maalumu! Hata Ulaya na vyuma vyao vyote hawajafika hapo. Na vidonge mnafungiwa kwenye gazeti, kwa hiyo huenda mtu anameza aspirini iliyofungwa ndani ya ushauri wangu. Nashukuru, angalau natumika.

Nilicheka barua yako mpaka nikafika kwenye mkeka. Hapo nikaacha.

Hebu kwanza tulitazame jina ulilojipa. Bandia kitu gani? Benchi lile lilijaa waigizaji, lakini mgonjwa wa kweli alikuwepo mmoja, naye ni wewe. Mumeo kawafukuza wagonjwa wa kijiji kizima wakalime, akamsahau wa chumbani kwake, akamweka mbele kabisa kama pambo. Na ulipoulizwa na mtu aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kukuuliza wewe, si mganga, si mwenyekiti, wewe, ukamjibu salama kabisa! Usimsingizie mumeo peke yake. Macho yalikuwa yake lakini mdomo ulikuwa wako.

Mwenyekiti wetu alidhani utafiti ni maonyesho ya Saba Saba, mbuzi mnono ndiye anayevishwa utepe. Wenzenu wa Segera, wasio na haya, waliulizwa panapouma wakaonyesha panapouma. Ninyi mkaonyesha panapong'aa, basi mtaachiwa mng'ao wenu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja, mwenyeji kakataa kupona, tena kamchinjia kuku juu yake!

Sasa nikuulize, wewe unayejua kuongea. Asante kwa Kimasai hata mimi naijua, ni "ashe", neno moja, limekwisha. Nasha alisema muda wa kuchemsha uji. Alikuwa anashukuru ukoo mzima? Halafu umeniandikia mwenyewe kwamba Bi. Sipora alikaa naye uani, wakaongea, wakacheka, mmoja akalia. Waliongea kwa lugha gani, mwanangu, ikiwa mkalimani alikuwa ndani anatafuna paja la kuku? Yule dada anakijua Kimasai! Alisikia kila neno pale pale, akasikia na tafsiri ya mumeo, akaandika vyote viwili. Nasha hakucheka bure, walikuwa wanamcheka mwenyekiti wako.

Basi siri hiyo unayoilinda kwa roho yako haipo. Kwa nini unadhani wanarudi? Kwa nini wameomba wanawake peke yao? Wanajua walidanganywa. Wasichojua ni uongo uko wapi na unamuumiza nani, na hilo hawawezi kulitunga, lazima lisemwe na mwenye mwili wake. Neno la Nasha ni la mtu mmoja, na upande wa pili limesimama la kwako, mke wa mwenyekiti, napimwa kila wiki, salama kabisa. Neno lako ndilo linalomnyima Nasha mkunga, na linakunyima na wewe. Mficha uchi hazai, na wewe uko mwezi wa saba.

Basi fanya hivi. Siku hiyo kaa mbele kama ulivyopangiwa, wewe si msemaji? Sema. Sema ya mkeka. Sema bibi alikwambia nini. Sema mnavyoulizwa maradhi mlangoni na mnavyotukanwa kwenye foleni. Mumeo usimtaje hata kwa kumzunguka, hukuitwa kumshitaki mwenyekiti, umeitwa kueleza mgonjwa anatendewaje. Hata Bwana Valerian, eleza anachofanya, usieleze ni mtu wa namna gani. Yuko peke yake huko mwisho wa dunia, na sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza dawa zinamtosha au hazimtoshi. Aulizwe naye, ila baada yenu. Mpelekee Nasha habari ya siku yenyewe, na Mzee Mbwana atolewe shambani haraka kabla hajazikwa huko huko na jembe lake.

Na wala usingoje waandike ndipo ujiokoe. Utafiti una mwendo wake, tumbo lina mwendo wake, na havingojani. Wiki hii hii nenda hospitali ukapimwe, useme damu ile yote bila kupunguza hata tone, na mwezi wa nane ukianza ukae karibu na wenye sindano. Kama huna ndugu mjini, mimi nipo hapa Korogwe, ulizia sokoni wanijua kwa kelele zangu, lakini chumba ninacho na uji napika.

Nawe Ndugu Mwenyekiti, najua umesoma mpaka hapa, nawe usome ulichobakiza. Mtu anayemchotea mkewe maji huku wenzake wanamcheka si mjinga, na wala haogopi kuchekwa. Basi chekwa mara moja zaidi. Simama mbele ya watu wako useme, "Tuliwaficha wagonjwa, waiteni." Kijiji chako kitakuwa cha kwanza kwa hilo, nakuhakikishia, maana sijasikia kingine kilichothubutu.

Kitanda chako kiache kule kule zahanati, wamlaze mgonjwa wa kweli. Ila lile shuka jeupe lirudishe nyumbani, ulifue na kulianika. Mwaka huu lina kazi moja kati ya mbili, kumpokea mwanao, au ile nyingine ambayo wazee wa msikitini watakuelekeza. Kazi ipi, utaamua wewe kabla ya mwisho wa mwezi.